Makaburi ya Malindi Yaandikwe

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Malindi mbele ya wazee, maimamu, wachungaji, wazee wa Kigiriama na vijana. Wengi waliokuwa kazini na safarini wameniomba niyaweke yote, nami nimeyaweka kama yalivyotoka.

Assalaamu alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Shella, Barani, Maweni, Muyeye na Kisumu Ndogo, na nyinyi mliokuja kutoka Mambrui kwenye jua kali namna hii, hamjambo?

Nina swali. Nani kati yetu anaweza kuinuka sasa hivi, akatutoa hapa, akatupeleka hadi kwenye kaburi la babu wa babu yake? Nyosheni mikono. Naona mikono michache, na yote ni ya wazee. Haya, swali la pili. Nani ana karatasi, karatasi yoyote, iliyoandikwa kwamba kaburi hilo liko pale? Hakuna mkono hata mmoja.

Basi nimekuja kwa ajili ya karatasi hiyo.

Ndugu zangu, mji huu ni mkongwe kuliko kumbukumbu zetu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipotia nanga hapa alikuta mji wa mawe, una mfalme, una biashara na India. Mwaka 1542 akapita padri mmoja, Francis Xavier, yuko njiani kwenda Goa. Mtu mmoja wa merikebu yao alifariki, akazikwa hapa kwa desturi za Kikristo. Padri huyo aliandika barua, na barua ipo mpaka leo. Anasema Waislamu wa Malindi walipoona jinsi maiti yule alivyozikwa walipendezwa. Sikilizeni vizuri. Mgeni, wa dini nyingine, tena wa taifa lililokuwa likipiga mizinga miji mingine ya pwani hii, amekufa, na wenyeji wamesimama kutazama mazishi yake kwa heshima. Wale walikuwa watu wa Malindi. Lile kanisa dogo la makuti mnalolipita mkienda pwani, na makaburi yake kiwambazani, ni la enzi zile za Wareno.

Lakini katika barua ile ile kuna jambo lililoninyima usingizi. Mkubwa mmoja wa mji alimlalamikia padri kwamba watu wamepoa katika dini. Akamwambia Malindi ina misikiti kumi na saba, na inayoswaliwa ni mitatu tu. Misikiti kumi na saba! Leo ile kumi na mingapi iko wapi? Na nyinyi mnajua ilivyo pwani hii, kwamba palipo na msikiti wa kale pana makaburi ubavuni mwake, hasa upande wa kibla. Kwa hiyo tukiuliza misikiti ile iko wapi, tunauliza pia waliozikwa pembeni mwake wako wapi. Wako chini ya nini? Chini ya duka la nani? Chini ya choo cha nani?

Mtaniambia, mwalimu, sisi tutajuaje ya mwaka 1542? Ni kweli. Kumbukumbu ya mji huu ilikatika. Mwaka 1593 Wareno walihamishia makao yao Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu, na sultani wa Malindi akahamia huko pamoja nao. Mji ukafifia. Ikafika karne ya 19 wasafiri wanapita hapa wanakuta magofu na vichaka. Kisha kuanzia 1861, chini ya Sultani Majid wa Unguja, mji ukaanzishwa upya, mashamba yakafyekwa, mtama na ufuta vikapandwa na kusafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni. Waliokuja kuishi walikuta nguzo za makaburi msituni, na hapakuwa na wa kuwaambia huyu ni nani.

Na mashamba yale yalilimwa na nani? Yalilimwa na watumwa. Maelfu yao. Waliletwa kutoka bara na kutoka kusini, wakalima, wakafa hapa hapa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria nchini 1907. Nionyesheni kaburi moja la mtumwa wa mashamba ya Malindi lenye jina. Matajiri wa zamani walijengewa nguzo za mawe na chokaa, na ni vizuri tuzihifadhi. Ila ninapofikiria makaburi ya mji huu nawafikiria kwanza wale waliowekewa vijiwe viwili tu, kimoja kichwani na kimoja miguuni, kisha jembe likapita. Wajukuu zao tuko nao humu ndani. Tena baadhi yenu mnajua ni shamba gani na ni chini ya mwembe upi, mliambiwa na bibi zenu. Mnajua, ila hamjasema.

Sasa tuje kwenye jinsi makaburi yanavyopotea. Watu hudhani yanapotea kwa sababu ya watu wabaya. Wabaya wapo. Ila sababu kubwa ni kwamba katika karatasi za serikali makaburi yale hayapo.

Mwaka 1908 Waingereza walileta pwani sheria ya hati za ardhi. Ilisema kila mwenye dai la ardhi alilete, lichunguzwe, apewe hati. Ardhi isiyodaiwa na mtu ikawa mali ya Mfalme wa Uingereza. Tafakarini hapo, wazee wangu. Maiti hapeleki dai. Waliojua kusoma, waliokuwa na mali, walikwenda. Mgiriama aliyekuwa akilima kwa mila yake hakwenda, au hakusikilizwa. Na wafu hawakwenda kabisa. Kwa hiyo makaburi mengi ya kale yaliingia ndani ya hati ya mtu mwingine au ndani ya ardhi ya serikali, na ardhi hiyo ikauzwa, ikagawanywa, ikauzwa tena. Anayenunua ploti leo kwa jasho lake anaonyeshwa vigingi vinne na hatimiliki. Hakuna mahali pameandikwa “hapa pana watu”.

Niwasimulie. Fundi mmoja, kijana niliyemfundisha, alinijia nyumbani asubuhi anatetemeka. Walikuwa wanachimba msingi. Nikaenda naye. Mtaro ulikuwa umefika kiunoni, na kwenye ukuta wa mtaro, ule udongo mwekundu, mifupa ilikuwa imejitokeza. Si mmoja. Walikuwa wamelala safu moja, vichwa mashariki, miguu magharibi, kwa ubavu wa kulia, nyuso zimeelekea kaskazini. Nyote mnajua maana yake, kwa sababu kutoka Malindi Makka iko kaskazini, karibu kaskazini kabisa. Wale hawakutupwa pale. Wale walioshwa, wakavishwa sanda, wakaswaliwa, wakalazwa na watu waliowapenda. Na mifupa ya mmoja wao ilikuwa imeshakusanywa ndani ya mfuko wa saruji, mfuko wenyewe bado una unga wa saruji, umeegemezwa kwenye toroli.

Mwenye ploti sitamtaja. Alisema mafundi wanalipwa kwa siku, akataka kazi iendelee. Imamu akaitwa, wazee wakaja, mifupa ikapelekwa makaburini ikazikwa kwa heshima. Alhamdulillahi. Lakini wale waliobaki kwenye ukuta wa mtaro? Zege lilimwagwa jioni ile ile. Leo ni ghorofa. Jirani akijenga kesho atachimba mtaro wake naye atashtuka upya, kana kwamba hakuna aliyewahi kujua.

Na sheria ipo, ndugu zangu. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale namna hiyo atoe taarifa kwa Makumbusho ndani ya siku saba, aseme ni wapi na amekipataje. Siku saba! Mafundi wangapi wa Malindi wameambiwa hilo? Wanaopitisha ramani za nyumba, mnaliweka kwenye fomu zenu? Liwekeni.

Kuna upotevu mwingine, wa kuiba. Makaburi ya kale ya pwani yetu yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina, yaliyopachikwa kwenye chokaa ingali mbichi. Kaburi la nguzo la Mambrui lilikuwa nayo, ya enzi za Ming, kabla nguzo haijaanguka. Nendeni mkatazame makaburi ya namna hii mahali popote pwani. Mtaona vishimo vya mviringo kwenye lipu. Mahali pengine kimebaki kitako cha bakuli, cheupe chenye mstari wa buluu, na pembeni yake alama za ncha ya chuma, kwa sababu aliyeling'oa alilivunja, akaondoka na nusu. Mtu alikaa juu ya kaburi la Muislamu akagonga kwa patasi ili auze kigae.

Na ndugu zetu Wagiriama wameumizwa zaidi. Vigango, ile miti iliyochongwa kwa ajili ya wazee waliofariki wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, viling'olewa nyumbani kwa watu usiku, vikauzwa kwa watalii na madalali, vikaishia Marekani, ukutani kwa matajiri na ndani ya majumba ya makumbusho. Mamia yake! Kigango hakihamishwi. Ukoo ukihama, kigango kinabaki, ndio desturi. Na mwizi aliitumia desturi hiyo hiyo.

Lakini msikilize hiki kisa. Mwaka 1985 mtafiti mmoja Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee wa Kigiriama mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia nduguze. Muda si mrefu vikaibiwa. Mzee alipata tabu, akafariki hajaviona tena. Mwaka 1999, huko Marekani, Udvardy yuko kwenye mkutano wa wasomi, msemaji anaonyesha picha za vitu vya makumbusho, na mama yule anakiona kigango kile kile. Kile kile! Akaitafuta picha yake ya zamani, akalinganisha. Kilichofuata ni barua na mabishano ya miaka, na mwaka 2007 kigango kilirudishwa kwa familia ile.

Kwa nini hicho kilirudi na mamia hayakurudi wakati ule? Wale wengine hawakuwa na uchungu? Walikuwa nao. Hawakuwa na picha.

Kuna wanaosema basi tusiguse kabisa, watafiti wasije, makaburi yaachwe. Nawaelewa. Mtume, sala na amani zimshukie, amesema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Mimi hadithi hiyo sichezi nayo. Lakini si kila anayekuja na kijiko cha kuchimbia ni adui, na nitawapa mifano miwili.

Gede, ule mji wa magofu hapo karibu. Kuna kaburi limechorwa mwaka juu ya lipu, 802 Hijria, yaani 1399. Aliyechora tarakimu zile alikuwa anamwandikia maiti wake tu. Lakini mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba Gede kuanzia 1948, tarehe ile ilikuwa msumari wa kuning'inizia historia ya mji mzima. Gede sasa imeingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, mwaka 2024. Mtu mmoja aliandika mwaka kwenye kaburi, na baada ya miaka mia sita wajukuu wa pwani nzima wanafaidi.

Mfano wa pili ni Mtwapa, kaunti hii hii. Profesa Chapurukha Kusimba na wenzake walitaka kuchunguza mifupa ya makaburi ya kale. Hakuanza kuchimba. Alianza kwa kukaa na watu wa pale, muda mrefu, mpaka wakakubali, na makubaliano yalikuwa mifupa izikwe tena. Matokeo yalitangazwa 2023, ya watu 80 kutoka Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na kwingineko. Yakaonyesha kwamba kina mama wa miji yetu ya kale kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika wa hapa hapa, na kwamba tangu karibu mwaka 1000 walioana na wanaume waliokuja kutoka Uajemi. Zile hadithi za bibi zetu kuhusu wazee waliotoka Shirazi, Uajemi, ambazo wasomi walizicheka, zilikuwa na kitu ndani yake. Na zile dharau za kusema Mswahili si Mwafrika hazina pa kusimama. Hayo tumeambiwa na wafu wetu wenyewe. Ila waliombwa kupitia kwa wenyeji, na walirudishwa walipolala. Atakayekuja Malindi naye aingie kwa mlango huo.

Siwezi kuzungumza makaburi mbele ya watu wa mji huu nikairuka Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga chakula. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni mule, wakiwemo watoto wengi, ikaletwa mochwari hapa mjini kwetu. Mliwaona wale wazazi na wajomba waliotoka mbali, wamekaa nje ya hospitali siku baada ya siku, wakitoa sampuli za DNA, wakingoja. Miili ya kwanza walikabidhiwa Machi 2024. Mama aliyengoja pale alitaka jambo gani? Alitaka aambiwe huyu ni wako, mchukue ukamzike mahali utakapopajua. Hilo tu. Mji ulioyaona hayo kwa macho yake hauwezi kusema kaburi lenye jina ni anasa.

Sasa, nimesikia hoja mbili nikiwa mlangoni, na wenye hoja wako humu, kwa hiyo nazijibu.

Sheikh mmoja amesema, dini yetu haitaki makaburi yajengewe wala yatukuzwe. Nakubali, sheikh wangu. Sikuomba hata tofali moja. Na najua kwamba wanavyuoni wetu wa Kishafi wameruhusu kaburi kuzikiwa maiti mwingine yule wa kwanza akishageuka udongo. Lakini kuzika juu ya kaburi ni jambo moja, na kuchimba shimo la choo juu yake ni jambo jingine. Tunaloomba hapa ni kuandika, ili mtu asiketi juu ya ndugu yake bila kujua. Hilo lina ubaya gani?

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kijana amesema, mwalimu, sisi walio hai hatuna pa kulala, nyinyi mnawatafutia nafasi wafu. Mwanangu, hoja yako naiheshimu, kwa sababu dhuluma ya ardhi pwani naijua tangu sijaota ndevu. Lakini tazama ni nani anayepoteza makaburi. Ni yule yule asiye na hati. Ukoo wako umekaa mahali tangu enzi za babu zako, akija mwenye karatasi anakuuliza una ushahidi gani. Ushahidi wako mmojawapo umelala pale chini. Ukiacha tingatinga lipite juu yake, mahakamani utasimama na nini?

Tumtazame Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza. Waingereza walimfunga wakampeleka bara, akarudi kwa miguu. Mwanamke wa Kigiriama, hakuwa na hati ya kitu chochote. Kaburi lake liko Bungale, Magarini, na kila mtu anajua liko wapi. Kwa nini? Kwa sababu wazee wanalizuru, vijana wanapelekwa, jina linatajwa pale pale. Kaburi linalozuriwa halinunuliki kwa urahisi.

Kwa hiyo naomba daftari. Daftari la makaburi ya Malindi yote, ya Waislamu, ya Wakristo, ya Wagiriama, ya watumwa, ya wageni waliofia hapa. Kila mahali tuandike panaitwaje, wazee wanasema wamelala kina nani, mipaka yake ni mti gani na nyumba gani, na nani ametuambia. Tupige picha kila jiwe, kutoka mbali na kutoka karibu, na pale penye maandishi tupige jua likiwa chini, asubuhi au magharibi, ndipo herufi zilizofifia huonekana. Vijana, simu zenu zinaweza kuweka alama ya mahali hasa, na kazi hiyo ni yenu. Nakala moja ikae kwa viongozi wa dini, moja kwa chifu, moja Makumbusho, na moja ipelekwe ofisi ya ardhi ili sorveya anayepima akute imeandikwa kabla ya kupiga kigingi. Mwenye ploti ambayo ina makaburi asiogope kusema. Hatuji kumnyang'anya ardhi yake. Tunataka ajue asichimbe wapi.

Tunaanza Jumamosi hii baada ya Alasiri, kwenye yale makaburi madogo nyuma ya maduka, ambayo yamebakiwa na mzee mmoja tu anayewajua waliolala pale, na mzee huyo mwaka huu macho yamemsumbua. Mje na panga la kufyekea, ila jiwe lolote lisisogezwe. Wazee msioweza kutembea, msijisumbue. Toeni majina yenu kwa hawa mabinti wawili waliokaa mlangoni, tutawafuata nyumbani mmoja mmoja, na kalamu.